Tajiri Aliporudishwa

Shemeji yangu alikuwa mrefu na mwembamba, na alisimama wima hata akiwa amechoka. Mafundi walimwita Timazi, ile kamba yenye chuma mwishoni tunayoning'iniza kuona kama ukuta umenyooka. Alimwoa dada yangu mkubwa. Mimi nilikuwa fundi wa nondo, nakunja na kufunga chuma, na yeye alikuwa nyapara, yaani msimamizi wetu sote. Watu wakisimulia habari zake huanzia pale jengo lilipoanguka, kana kwamba kabla ya hapo hakuwa akiishi.

Aliingia kwenye ujenzi akiwa kijana, anabeba kokoto kichwani. Aliingia siku ileile na rafiki yake, mtu mfupi mcheshi ambaye baadaye alikuwa fundi wa lipu, yule anayesawazisha ukuta kabla ya rangi. Huyo tulimwita Kijiko, kwa kuwa alikuwa na kijiko chake mwenyewe cha kulia, anakiweka kwenye mfuko wa shati pamoja na penseli. Wawili hawa walikuwa chanda na pete. Timazi alipopata unyapara, kila mwenye kazi aliyemwita aliambiwa jambo moja kwanza: lipu atapiga Kijiko.

"Nyapara gani wewe," Kijiko alikuwa akimwambia mbele ya watu, "ukisimama karibu na ngazi, vibarua wanataka kukupanda."

"Na wewe ukisimama kwenye mchanga, wanakuchota."

Basi kazi huanza kwa kicheko, na mtu aliyeamka na hasira nyumbani kwake huzisahau.

Aliyetuajiri alikuwa mkandarasi mmoja, nasi tulimwita Tajiri, kama watu wa kazi wanavyomwita mwajiri wao. Alikuja na viatu vyeupe na hakukanyaga nje ya ubao. Mdomo wake haukuwa mbaya. Alijua mtoto wa nani anaumwa, na mke wa nani amejifungua, na aliuliza. Ukiulizwa hali ya mtoto wako na mtu wa namna hiyo, unaona aibu kumuuliza kwa nini saruji ni kidogo.

Sisi mafundi tulikuwa na adabu yetu moja. Mkaguzi wa majengo akifika, Tajiri anatembea polepole hadi kwenye gari lake, anaweka simu sikioni, anakuwa mpita njia. Nyapara anatoka mbele na kusema, "Mimi ndiye mwenye kazi." Anafokewa, anainamisha kichwa, anaahidi kurekebisha. Mkaguzi akichoka anaondoka. Halafu Tajiri anarudi akicheka, anasema, "Timazi, bila wewe ningekuwa nauza karanga." Hakuna aliyeona ubaya. Manyapara wote tuliowajua walifanya hivyo. Nyapara ambaye angemnyooshea mkaguzi kidole na kusema mwenye kazi ni yule pale, habari zake zingefika kila mahali kwenye mchanga na kokoto, na asingepata tena hata kazi ya kujenga banda la kuku. Kijiko alimtania kwamba siku moja mkaguzi atauliza nani baba wa watoto wa Tajiri, na Timazi atajibu ni mimi.

Jengo lenyewe lilikuwa la ghorofa nne. Tulikuwa tumemwaga zege la ghorofa ya pili. Zege likimwagwa huwa limekaa juu ya mbao, na mbao zimeshikiliwa na miti mingi iliyosimamishwa chini yake, na hapo kazi ni kumwagilia maji na kusubiri likomae. Kusubiri ndiko kunakowashinda matajiri. Huyu wetu alikuwa na kazi nyingine upande wa pili wa mji, na kule miti haikutosha. Asubuhi hiyo alikuja na lori.

"Timazi, ng'oa miti ya chini. Lori linasubiri."

"Tajiri, zege bado bichi. Tupe muda kidogo."

"Juzi ulisema kidogo. Hiki kidogo chako kina urefu gani?"

Watu wa kwenye lori wakacheka.

"Kuna watu wanapiga lipu chini yake," Timazi alisema.

"Na mimi nina watu wanaonisubiri kule wamekaa kitako. Nimejenga nyumba ngapi mimi? Sema."

"Zote nilizijenga mimi, Tajiri."

Tajiri hakucheka. Alimsogelea akasema kwa sauti ya chini, lakini nilikuwa karibu nafunga nondo na nilimsikia. "Ndiyo maana nakuambia wewe. Au niwaambie hawa wa lori wang'oe wenyewe, halafu kesho nitafute nyapara anayesikia? Wako wengi, wanapita ofisini kila siku."

Timazi alitazama juu, akatazama lori. Halafu aliwageukia vijana akasema, "Toeni. Anzieni pembeni, msiguse ya katikati mpaka nirudi." Akaingia ndani kumwita Kijiko. Kijiko alikuwa kwenye kona, mwiko mkononi.

"Toka kidogo, wanang'oa miti."

"Namalizia kona hii, lipu itanikaukia."

"Toka, nimesema."

"Nyapara, umeanza kuwa kama mke wangu. Nakuja."

Timazi akatoka. Huko nje Tajiri alikuwa amewaambia vijana waendelee na ya katikati, maana mchana ulikuwa unakaribia. Halikuanguka kwa kishindo kama watu wanavyodhani. Lilitoa mlio kama mfuko wa saruji unaotupwa chini, kisha mwingine, kisha vumbi likafunika kila kitu na hatukuonana.

Walikufa watu watatu. Mmoja ni kijana aliyekuwa anavuta mti. Mmoja ni mama aliyetuchotea maji, ambaye alikuwa amepita ndani akitafuta kivuli. Huyo alikuwa hai kwa muda, tulimsikia chini akiuliza ndoo yake iko wapi, na tulimjibu kwamba ipo, mpaka akaacha kuuliza. Wa tatu ni Kijiko. Timazi alichimba kwa mikono hadi kucha zikatoka, na kila aliyejaribu kumvuta alimpiga kiwiko.

Polisi walipofika, afande mmoja alisimama kwenye kifusi akauliza, "Nani mwenye kazi hii?"

Tajiri alikuwa ameshafika kwenye gari lake. Simu ilikuwa sikioni.

Timazi aliinuka. Vumbi lilikuwa limemjaa hadi kwenye kope. Alitoka mbele kama alivyozoea, akasema, "Mimi ndiye mwenye kazi."

"Nani aliamuru miti itolewe?"

"Mimi."

Nadhani mdomo ulitangulia, na kichwa kilikuwa bado kiko chini ya zege pamoja na Kijiko. Wakamfunga pingu mbele ya watu wote. Gari la Tajiri lilirudi nyuma polepole, likalipisha gari la wagonjwa kwa heshima kabisa, halafu likaondoka. Kesho yake ofisi yake ilikuwa imefungwa. Keshokutwa tukasikia yuko ng'ambo.

Alikuwa wa kwanza kupiga simu kwa dada yangu, kabla hata ya ndugu zetu wengine.

"Shemeji, pole sana."

"Sisi si mashemeji, Tajiri."

"Mumeo ni ndugu yangu, kwa hiyo wewe ni shemeji. Sikiliza. Nimekuja huku kutafuta msaada. Nikiwa huko tutafungwa wote wawili, na watoto watalelewa na nani? Huku nilipo hawarudishi mtu. Nimeuliza vizuri. Serikali yetu na ya huku hazina mkataba wa kupeana watu. Sasa mwambie ndugu yangu akubali kosa mapema. Hakimu humhurumia anayekubali. Nami nitatuma wakili wa rufaa, mkubwa, si hawa wa kwetu."

"Wewe ndiye uliyewaambia wang'oe."

"Shemeji, kwenye simu hatuongei hivyo."

Dada aliyabeba maneno hayo hadi mahabusu kama mtu anayebeba uji wa mgonjwa, anaogopa yasimwagike. Nilikuwa naye. Timazi alisikiliza, kisha akauliza, "Amesema atarudi?"

"Amesema atatuma wakili."

"Basi."

"Basi nini?"

"Nilishasema ni mimi. Nikigeuka sasa nitaonekana mwongo. Na mimi ndiye niliyetamka toeni, hilo ni kweli."

"Na ya katikati? Ulisema wasiguse ya katikati."

"Nani atakuambia hilo, mama watoto? Walionisikia, mmoja yuko kaburini, wengine wamekimbia."

"Mdogo wangu huyu hapa alisikia."

"Huyu ni shemeji yangu. Watasema nini?"

Akakubali kosa. Hakimu hakumhurumia hata kidogo, akampa miaka saba. Tajiri alituma matumizi mara mbili, kisha namba yake ikawa haipatikani. Wakili hatukumwona. Mwaka wa pili, msusi wa mtaani kwetu alimwonyesha dada picha kwenye simu. Tajiri amelala kwenye kiti kirefu kando ya bwawa la kuogelea, miwani ya jua usoni, na chini ameandika kwamba Mungu ni mwema. Dada aliitazama kwa muda mrefu, nywele zikiwa nusu zimesukwa. Akasema, "Endelea kusuka."

Nyumbani hali ilikuwa nyingine. Mjane wa Kijiko alikaa mtaa huohuo. Kila asubuhi akienda sokoni na ndoo yake ya nyanya, alisimama kwenye geti la dada. Hakupiga kelele. Alisema kwa sauti ya kawaida, iliyonyooka, kama mtu anayesoma matangazo.

"Umeamkaje, mke wa muuaji? Mumeo amekula? Huko wanalishwa kwa kodi, nasikia. Wangu hali kitu. Watoto wako wamekua, naona. Wangu wanauliza baba yao alikuwa na urefu gani, nawaambia alikuwa mfupi, rafiki yake alimwekea nyumba nzima kifuani akawa mfupi zaidi."

Watoto wa Timazi walipita hapo hapo wakienda shule, vichwa chini. Mdogo alijifunza kuruka ukuta wa nyuma ili asipite getini, na siku moja aliteguka mguu, na yule mama alimwona akichechemea akamwambia, "Pole, mwanangu. Kwenu vitu huanguka."

Dada alijaribu mara moja kuzungumza naye. "Mwenzangu, miti ilitolewa kwa amri ya Tajiri. Waulize mafundi."

"Tajiri gani? Mimi simwoni Tajiri hapa. Namwona mke wa Timazi anaanika nguo."

Kila Jumapili tulikwenda gerezani. Walikuwa wamejua haraka kazi yake, wakampa mwiko. Alikuwa anajenga vyumba vipya vya wafungwa, na mabwana jela walijisifu kwa wageni kwamba ukuta wao umenyooka kuliko wa hospitali. Bwana jela mmoja alimtania kila tulipokuja. "Huyu hatutamwachia mpaka amalize na jiko."

Timazi alikuwa amezeeka shingo. Jumapili moja dada alimweleza yote ya getini, kitu ambacho alikuwa amekificha muda wote. Timazi alimsikiliza hadi muda ulipokaribia kwisha. Kisha akasema, "Kuna kitu kimoja tu nakitaka. Tajiri aletwe. Asimame mahali ambapo yule mama anamwona, aseme kwa mdomo wake, mimi ndiye niliyewaambia watoe ya katikati. Asipofungwa sijali. Na mimi nimalizie miaka yangu humuhumu, sijali. Aseme tu, na yule mama asikie, awaache watoto wangu wapite."

"Ng'ambo ni mbali," dada alisema.

"Mbali wapi? Watu wanakwenda wanarudi."

Tangu hapo akawa analo hilo peke yake. Alimwambia bwana jela, alimwambia mchungaji na shehe waliokuja kuhubiri, alimwambia kila mkubwa aliyekuja kukagua gereza. Huko nje alikuwapo mtu mwingine aliyetaka kama yeye, mume wa yule mchota maji. Huyu alikuwa mlinzi wa usiku, na asubuhi akitoka lindoni alikwenda kukaa kwenye benchi la ofisi ya waendesha mashtaka, anasinzia hapo mpaka mchana. Makarani walimwita Benchi.

"Mzee Benchi, tumeshakuambia. Hakuna mkataba na nchi ile."

"Basi wekeni mkataba."

"Mkataba ni jambo la marais, mzee."

"Nitasubiri."

Walicheka, wakamletea chai. Alisubiri hadi mwaka wa nne wa kifungo cha Timazi, na ndipo jambo likatokea, ingawa si kwa sababu ya benchi. Kule ng'ambo Tajiri aligombana na mshirika wake wa biashara, na mshirika akaenda kuwaambia wenye nchi kwamba huyu mgeni kibali chake kimekwisha na kwao anatafutwa. Mkataba haukuhitajika. Walimkuta dukani anajaribu viatu, wakampandisha ndege kama wanavyompandisha mchuuzi asiye na karatasi.

Tulimwona kwenye televisheni akishuka. Alikuwa amenenepa. Pingu alikuwa amezifunika kwa sweta. Mtaani kwetu watu walishangilia kama timu imefunga bao. Kinyozi akazima mashine yake akatangaza kwamba dunia ni kijiji, hakuna pa kukimbilia, na wateja wake walikubali huku nusu ya vichwa vyao haijanyolewa. Mzee Benchi alikwenda ofisini akakuta makarani wamesimama kumpokea. Gerezani bwana jela alimfungulia Timazi mapema. "Leo umekuwa mtu mkubwa. Mwajiri wako amekuja kukusalimia kwa ndege."

Asubuhi iliyofuata mjane wa Kijiko hakusimama getini. Alipita moja kwa moja na ndoo yake. Dada alifagia uwanja hadi barabarani, akafagia na mbele ya nyumba za jirani. Mtoto wake mdogo na wale wakubwa wakatoka kwa geti la mbele, sare zao zimepigwa pasi.

Kesi ilisikilizwa katika chumba kidogo chenye feni iliyokwaruza. Mjane alikaa mstari wa mbele, mikono mapajani. Timazi aliletwa na nguo zake za gereza, na kabla ya kupanda kizimbani kwa mashahidi alimtazama yule mama, kisha akamtazama Tajiri. Alieleza yote. Alieleza vizuri, hakutia chumvi, na alipofika kwenye maneno yake mwenyewe ya "toeni" hakuyaruka.

Wakili wa Tajiri alikuwa mzee mpole, mwenye sauti ya daktari.

"Baba, siku ya tukio afande alikuuliza nani aliamuru. Ulimjibuje?"

"Nilisema ni mimi."

"Ulilazimishwa?"

"Hapana."

"Ulipigwa?"

"Hapana."

"Na mbele ya hakimu, ulipoulizwa kama ni kweli?"

"Nilisema ni kweli."

"Ulikata rufaa?"

"Niliambiwa wakili anakuja."

"Sasa nisaidie, maana mimi ni mzito kuelewa. Ulidanganya wakati ule, au unadanganya leo?"

Timazi alimgeukia hakimu. Halafu akasema, "Ndivyo tunavyofanya kazini, mheshimiwa. Nyapara husema ni yeye."

"Husema ni yeye hata kama si yeye?"

"Ndiyo."

"Hata watu wakifa?"

Watu waliokuwa nyuma walicheka. Si kwa ubaya, nadhani. Kilikuwa kicheko cha mtu aliyeona mwenzake ameteleza. Wakili hakucheka. Alisema asante, akakaa.

Mimi nilipanda baada yake nikasema niliyoyasikia nikiwa kwenye nondo. Wakili aliniuliza swali moja tu: huyu ni nani kwako? Nikajibu ni shemeji. Akakaa tena. Kati ya vijana waliong'oa miti, mmoja ndiye aliyepatikana, naye alikuja na suti mpya akasema kulikuwa na vumbi, hakumbuki nani alisema nini. Watu wa lori hawakuonekana.

Kisha Tajiri akajieleza. Alisema aliondoka nchini kwa sababu ya presha, daktari wake alikuwa huko. Alisema kazi yote aliiacha mikononi mwa nyapara aliyemwamini kama ndugu wa tumbo moja. Alimtaja marehemu Kijiko, akataja na watoto wake mmoja mmoja, nani alipenda nini. Hapo alitoa leso akalia, na machozi yalikuwa ya kweli, niliyaona yakishuka. Mjane alikuwa anamwangalia bila kupepesa.

Hakimu alisoma uamuzi siku nyingine, kwa haraka, kwa sababu kulikuwa na kesi nyingi. Alisema mtu kukimbilia nje ya nchi si jambo zuri na linatia shaka, lakini shaka peke yake haimfungi mtu. Alisema kwa jambo hili mtu mmoja alishakiri mara mbili kwa hiari yake, na mahakama haiwezi kumtia hatiani mwingine kwa neno la mfungwa anayetafuta kupunguziwa mzigo, na la shemeji yake. Mshtakiwa yuko huru. Feni iliendelea kukwaruza. Mzee Benchi aliuliza kwa sauti, "Nimekaa kote kule?" na askari akamwambia anyamaze.

Nje, kwenye korido, askari alimruhusu Timazi asimame nasi akisubiri gari la gereza. Tajiri alipita na watu wake, wanampongeza kwa kumpiga mgongoni. Alisimama.

"Timazi. Sina kinyongo na wewe, nataka ujue hilo. Ulisema uliyoyasema, nimesamehe."

Timazi alimwangalia viatu. Vilikuwa vyeusi, vipya.

"Waambie tu," alisema. "Sasa umeachiwa, hakuna tena wa kukufunga. Yule mama yuko pale. Mwambie."

"Nimwambie nini, ndugu yangu? Mahakama imeshasema." Akamtazama dada. "Shemeji, mtunze. Amechoka." Akaondoka.

Mjane alikuwa amesimama karibu na dirisha, anafunga upya kitambaa chake cha kichwa. Timazi alimwita kwa jina la mtoto wake wa kwanza, mama fulani, kama alivyomwita siku zote walipokuwa wanakula nyumba moja. Alikuja. Miaka hiyo yote walikuwa hawajakaribiana hivyo.

"Umenisikia nilivyoeleza," Timazi alisema.

"Nimesikia."

"Ni kweli yote."

"Najua ni kweli."

Dada aliinua kichwa. Timazi alikuwa kama hakusikia. "Unajua?"

"Nilijua tangu msibani. Vijana wawili walikuja kunieleza, Tajiri alisema ya katikati. Na mume wangu alinisimulia mara ngapi kuhusu wakaguzi wenu na yule wa kwenye gari. Mimi si mtoto."

"Na miaka yote hii getini kwangu?" Timazi aliuliza.

"Ungetaka niende wapi?" Hakuwa na hasira, alisema kama anamweleza mtu bei ya nyanya. "Yule alikuwa ng'ambo. Nimtukane nani, bahari? Nyumba yako iko njiani kwangu."

"Sasa amerudi."

"Amerudi wapi? Umeona gari lililomsubiri hapo nje? Nikisimama kwenye geti lake mlinzi atanimwagia maji. Yuko kulekule alikokuwa."

Timazi alijaribu kuinua mikono, pingu zikamzuia. "Basi watoto wangu. Waache wapite. Hilo tu nakuomba, kwa ajili ya Kijiko."

Yule mama alimfikiria kwa muda, kwa kweli alimfikiria, nilimwona. "Siwezi," akasema. "Nikiacha, sitakuwa na mtu." Akachukua mfuko wake akashuka ngazi.

Timazi alimaliza kifungo chake pungufu kidogo, kwa sababu ya tabia nzuri na jiko la gereza. Asubuhi ya kwanza nyumbani nilikuwa nimelala kwao. Tulikuwa tunakunywa chai aliposikia ndoo ikiwekwa chini nje ya geti, na ile sauti ikaanza, imenyooka, haina haraka. Aliweka kikombe, akavaa viatu, akatoka, akafungua geti na kusimama mbele yake, mikono pembeni. Yule mama hakusita hata kidogo. Aliendelea pale alipofikia, sasa akimwambia yeye uso kwa uso, habari za kifua kilichopasuka na watoto wasiomjua baba yao, na watoto wa Timazi wakapata nafasi ya kupita nyuma ya mgongo wake, mmoja mmoja, na mabegi yao.

Dada alitoka mlangoni akasema, "Ingia ndani, chai inapoa. Utasimama hapo mpaka lini?"

"Ngoja amalize," alisema Timazi.

Tangu siku hiyo hufanya hivyo kila asubuhi, kisha huenda kutafuta kazi, ambayo hapewi.